Lori linachemsha baada ya kubadilishwa kulanti: tafuta hewa kabla ya kufungua hedi

Lori liliingia gereji likiwa zima. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kumwaga kulanti (maji ya kupoza injini) iliyochakaa, kutia mpya, kuondoka. Kesho yake likapakia, likafika kwenye mlima wa kwanza, na sindano ya joto ambayo miaka yote hulala katikati ya geji ikaanza kupanda. Dereva akaegesha, akapiga simu.

"Fundi, gari linachemsha."

"Tangi la maji linatoa mapovu?"

"Linatoa, tena mengi."

"Basi gasketi imeungua. Lirudishe tufungue hedi."

Simu za namna hii zimewatia watu hasara kubwa kuliko gasketi mbovu zenyewe. Kufungua silinda hedi ya injini ya lori, kile chuma cha juu kinachozibwa na gasketi kinapokutana na bloku, si kazi ya asubuhi moja, na boli zake kwenye baadhi ya injini hazifai kurudishwa mara ya pili. Kinachochekesha ni mwisho wake. Hedi inafunguliwa, gasketi inakutwa haina kovu, inabadilishwa hivyohivyo kwa sababu tayari kila kitu kiko mezani. Mfumo unajazwa maji upya, safari hii taratibu kwa kuwa hakuna anayetaka kuirudia kazi hiyo. Gari linapona, na wote wanaondoka wakiamini gasketi ndiyo ilikuwa na kosa, wakati kilicholiponya ni ule ujazaji wa taratibu.

Ukiuliza ni nini huchemsha injini ya dizeli, utapewa orodha isiyo na mwisho. Lakini injini iliyoingia haichemshi ikatoka inachemsha imekwisha kukupa nusu ya jibu. Uliza mikono iligusa nini, na orodha inafupika.

Hewa inajificha wapi

Mfumo wa kupoza wa lori kubwa hubeba kwa kawaida lita 30 hadi 60 za kulanti. Gari dogo hubeba 5 hadi 10. Tofauti hiyo haitokani na ukubwa wa rejeta peke yake. Maji ya lori yanazunguka slivu (mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka) na kupanda kwenye silinda hedi, yanapita kwenye kipoza oili, kwenye kipoza moshi wa EGR (moshi unaorudishwa kwenye injini) kama injini inacho, kwenye kompresa ya breki za upepo, kwenye hita ya kabini, na kwenye baadhi ya malori yanaenda hadi nyuma kupoza retada, kifaa cha kupunguza mwendo bila breki za kawaida, iliyofungwa kwenye gia boksi. Kila tawi lina kona yake ya juu, na kila kona ya juu ni chumba cha kulala cha hewa.

Ukifungua koki ya chini na kumwaga, sehemu kubwa ya matawi hayo inajaa hewa. Ukianza kujaza, maji yanashuka na hewa inalazimika kupanda, mara nyingi kupitia vibomba vyembamba vinavyotoka juu ya injini na juu ya rejeta kuelekea tangi la akiba. Vibomba hivyo vina upana wa penseli. Ukimimina ndoo nzima kwa pupa, maji yanaziba mlango kabla hewa haijatoka, tangi linaonekana limejaa hadi alama ya juu, mfuniko unafungwa, na kumbe ndani bado kuna utupu wa lita kadhaa. Ndiyo sababu vitabu vya huduma vya malori huweka kikomo cha mwendo wa kujaza, ambacho mara nyingi hakizidi lita 20 kwa dakika na kwa baadhi ya injini ni nusu ya hapo. Ni ukurasa ambao haufunguliwi sana.

Themostati, vali inayofunguliwa na joto la maji, nayo inachangia. Injini ikiwa baridi imefungwa kabisa, na kwenye dizeli nyingi za malori huanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 88 za Selsiasi. Hewa iliyoko upande wa injini haiwezi kupita hapo ila kupitia kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza. Themostati ikirudishwa kitundu kikiwa kimeangalia chini, au ikanunuliwa isiyo na kitundu kabisa, hewa inabaki palepale juu ya hedi, mahali penye joto kuliko pote.

Kwa nini hewa kidogo iweze kuchemsha injini nzima? Pampu ya maji husukuma kwa kuzungusha maji na kuyatupa nje kwa nguvu ya mzunguko. Ikipewa hewa haina cha kushika, inazunguka bure. Kisha chuma cha hedi karibu na vali za moshi, ambacho kilizoea kuoshwa na maji kila sekunde, kinabaki kikavu. Maji yanayokigusa pembeni yanageuka mvuke, na maji yakigeuka mvuke kwenye kanieneo ya kawaida hutanuka zaidi ya mara 1,600. Hata kama kanieneo ya mfumo inapunguza kiasi hicho, bado ni nguvu ya kutosha kuisukuma kulanti yote iliyo juu yake hadi itokee kwenye tangi. Unachokiona wewe ukisimama mbele ya lori ni tangi linalotoa mapovu na kumwaga maji, yaani dalili ileile ya gasketi iliyoungua. Hapo ndipo watu wanapopotea.

Dalili nyingine za hewa zinaonekana ukiwa umekaa kwenye usukani. Sindano haipandi kwa mpangilio: inaruka, inashuka ghafla, inaruka tena, kwa sababu sensa ya joto mara iko ndani ya maji, mara iko kwenye hewa. Sensa iliyo kwenye hewa inaweza kusoma joto la chini wakati hedi inaungua, kwa hiyo geji iliyotulia haimaanishi usalama. Jaribu hita: ikiwa injini ni ya moto na hita imefunguliwa hadi mwisho lakini inapuliza hewa baridi, maji hayafiki huko, ama kwa kuwa yamepungua au kwa kuwa kuna hewa njiani.

Kipimo kisichohitaji chombo

Kabla ya kushika spana yoyote, tafuta namba mbili: lita ngapi zilitoka na lita ngapi ziliingia. Kama zilitoka 42 na zikaingia 34, hesabu ya darasa la kwanza inatosha kukuambia kuna lita 8 za hewa ndani. Linganisha na kilichotoka, usilinganishe na kitabu tu, kwa sababu ukifungua koki ya rejeta peke yake bila plagi ya bloku, kiasi kikubwa cha maji ya zamani hubaki ndani na kitabu kitakudanganya kwamba hujajaza vya kutosha. Fundi anayemwaga kulanti chini bila kuipima amejinyima ushahidi. Tena glaikoli, kemikali iliyo kwenye kulanti nyingi, ni sumu yenye ladha tamu. Mbwa huilamba, na mtoto naye anaweza. Ikingwe kwenye chombo, ipimwe, ihifadhiwe.

Kuitoa hewa ni kazi ya subira zaidi kuliko ufundi. Egesha lori mahali ambapo mdomo wa kujazia ndio ulio juu kuliko sehemu nyingine za mfumo. Fungua hita hadi mwisho. Kama vali yake ni ya umeme, swichi ya gari lazima iwashwe, la sivyo unajifurahisha tu kuzungusha kitufe. Fungua skrubu za kutolea hewa, mimina taratibu, na kila skrubu inapotoa maji yasiyo na mapovu uifunge, ukianza na ya chini. Kisha washa injini, iache sailensi, yaani izunguke bila kukanyagwa mafuta. Gusa hosi ya juu ya rejeta: itakaa baridi kwa muda mrefu, halafu itapata moto ghafla. Hapo themostati imefunguka. Pandisha mizunguko kidogo kwa dakika chache, rudisha, zima, acha ipoe, angalia tangi, ongeza. Utarudia mzunguko huo mara mbili au tatu. Iwapo gereji ina mashine ya kufyonza hewa na kuiacha kulanti ivutwe na utupu, kazi inakwenda haraka, na utupu usioshika unakuonyesha pia kwamba kuna mahali panavuja.

Usisahau vile vibomba vya upana wa penseli. Injini ikiwa inazunguka, kile kinachoingia juu ya tangi kinapaswa kurudisha mchirizi wa maji. Kikiwa kikavu, kimeziba kwa tope au kimekunjwa wakati wa kurudisha tangi, na hutaitoa hewa hata ukijaza wiki nzima.

Kuna jambo moja la kulishika hapa kuliko yote niliyokwisha kusema. Hewa ya kujaza hupungua kila injini inapopata moto na kupoa: mapovu ya leo ni machache kuliko ya jana, na kiwango cha maji kinashuka mara moja au mbili kisha kinasimama. Gesi inayotoka kwenye silinda haipungui. Kila ukiwasha, inaanza upya kwa kasi ileile. Subira ya siku moja hutenganisha matatizo haya mawili bila kufungua boli hata moja.

Vitu vilivyoguswa na mikono

Tuseme hewa imetoka na bado linachemsha. Rudi kwenye swali la mwanzo.

Mfuniko ndio wa kwanza. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 300 kiwango hicho hushuka kwa takriban nyuzi 1. Kwenye nyanda za mita 1,500 ni karibu 95. Mchanganyiko wa nusu maji nusu glaikoli huchemka karibu na 107. Kinachoupandisha hadi zaidi ya 120 ni kanieneo inayozuiwa na mfuniko. Mpira wa mfuniko ukiwa umepasuka, au mfuniko wa gari jingine ukafungwa kwa makosa kwa kuwa yote miwili ilikuwa mezani na yote inaingia, kanieneo haipatikani na kulanti inachemka kwenye joto ambalo siku zote lilikuwa la kawaida. Pampu ndogo ya mkono yenye geji inatosha kupima mfumo na mfuniko, kila kimoja peke yake. Kama huna, jipe angalau shida ya kusoma namba iliyoandikwa juu ya mfuniko na kuilinganisha na ile ya kitabu.

Sasa themostati, na hapa sitakuwa mpole. Kuna imani iliyoenea kwamba gari likichemsha, dawa ni kuing'oa themostati ili maji yapite bure. Kwenye injini nyingi za malori dawa hiyo ni sumu. Themostati yake ina kazi mbili kwa wakati mmoja: inapofungua njia ya kwenda kwenye rejeta, sehemu yake ya chini inafunga njia ya mkato inayoyarudisha maji moja kwa moja kwenye pampu. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi milele. Maji, kama kitu kingine chochote, hufuata njia nyepesi, na njia nyepesi ni ile isiyopita kwenye rejeta. Injini isiyo na mzigo itakaa baridi kupita kiasi na utadhani umeshinda. Ukiipa tani thelathini na mlima, inachemsha vibaya kuliko mwanzo. Themostati inapimwa kwa sufuria ya maji jikoni na kipimajoto. Inafunguka kwenye nyuzi zilizochapwa juu yake au haifunguki. Hakuna sababu ya kubahatisha.

Feni nayo mara nyingi huguswa bila mtu kukumbuka. Ili kufikia hosi, kava la feni linalegezwa na plagi ya umeme ya klachi ya feni inachomolewa. Plagi isiporudi, kwenye baadhi ya malori feni inazunguka kivivu tu. Kava lisiporudi vizuri, feni inavuta hewa ya moto kutoka pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta. Feni ya lori ikishika utaisikia: mngurumo mzito unaoingia hadi kwenye kabini. Dereva akikuambia mlima mzima hakuusikia mngurumo huo, usitafute mbali.

Hosi ya chini ya rejeta iko upande wa kuvutwa na pampu. Ikiwa imezeeka na kulainika, au waya wa ndani unaoishikilia umeoza, inabonyea mizunguko inapopanda na kuziba njia. Ukiiangalia gari likiwa sailensi inaonekana nzima. Mwambie mwenzako akanyage mafuta huku wewe unaitazama, ukikaa mbali na mkanda na feni.

Na kulanti yenyewe je?

Wapo wanaomimina kulanti nzito kutoka kwenye dumu bila kuichanganya na maji, wakiamini kwamba kali zaidi ni bora zaidi. Ni kinyume. Anayebeba joto ni maji. Kilo moja ya maji hubeba takriban kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi 1. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hubeba karibu 3.5, glaikoli tupu haifiki 3, na juu ya hayo ni nzito kusukumwa. Hata kwenye baridi kali haisaidii, kwa sababu glaikoli tupu huganda karibu na nyuzi 13 chini ya sifuri, ilhali nusu kwa nusu inafika karibu 37 chini. Kosa la upande wa pili lipo pia: dumu lililokwisha kuchanganywa kiwandani linaongezwa maji tena, na kinachobaki ni rangi tu. Rifraktomita, kile kijidarubini cha kuweka tone moja na kutazama kwenye mwanga, inamaliza ubishi kwa nusu dakika.

Rangi haina maana yoyote. Kijani, nyekundu, njano na zambarau ni uchaguzi wa muuzaji, hakuna sheria ya dunia inayosema nyekundu ni aina fulani. Kilicho muhimu ni dawa zilizomo: za zamani zenye silikati, za asidi za kikaboni, au mchanganyiko wa zote mbili, na kwa dizeli zenye slivu zinazoguswa na maji moja kwa moja, dawa za kuzikinga dhidi ya vitundu vinavyochimbwa na mapovu madogo ya mtetemo. Ukichanganya aina zisizopatana, dawa zake zinaweza kuachana na maji na kufanya utelezi mzito kama ute wa bamia, ambao unakwenda kukaa kwenye mirija myembamba ya rejeta. Ukifungua mfuniko baada ya wiki ukakuta ute huo, sababu umeipata. Kinachofuata ni kuosha mfumo wote, mara zaidi ya moja.

Kuosha nako kuna mtego. Injini iliyotumia maji magumu ya kisima kwa miaka ina ukoko wa chokaa ndani ya bloku. Ukoko huo hupitisha joto kwa shida, mara ishirini au zaidi kuliko chuma, kwa hiyo milimita 1 yake ni kama kuivisha slivu koti. Ukitia dawa kali ya kuosha, ukoko unabanduka vipandevipande, na vipande hivyo vinasafiri hadi mahali pembamba kuliko pote, yaani rejeta na kipoza oili. Lori ambalo lilikuwa linavumilia ukoko wake sasa linaziba. Chukua kipimajoto cha mwanga, kile cha kuelekeza kama bastola, na upime uso wa rejeta mahali kumi na mbili wakati injini ni ya moto. Joto linapaswa kushuka kwa utaratibu kutoka maji yanapoingia hadi yanapotokea. Doa la baridi katikati ya joto ni mirija iliyoziba.

Halafu kuna swali ambalo ningependa lingeulizwa kabla ya kazi yote: kulanti ilibadilishwa kwa nini? Kama ni kwa sababu muda wake ulifika, vyema. Lakini mara nyingine lori lilikuwa limeanza kupandisha joto kidogokidogo, mwenye gari akasema "tubadilishe maji kwanza tuone", na gari lilipochemsha wiki iliyofuata lawama ikaangukia maji mapya. Hapo kazi ya fundi haikuleta ugonjwa, iliukuta.

Linachemsha wakati gani?

Mwache dereva aeleze, na usimkatize. Likichemsha likiwa limesimama au kwenye foleni lakini likapoa likikimbia, tatizo ni hewa ya nje: feni, klachi yake, kava. Likikaa vizuri sailensi na kuchemsha mlimani tu, joto linazalishwa kwa wingi kuliko linavyotolewa, na macho yaende kwenye rejeta. Si ndani peke yake. Mbele ya rejeta kuna intakula (kipoza hewa inayoingia kwenye injini) na kondensa ya kiyoyozi, na kati yake kuna nafasi ndogo ambayo mtu aliyesimama mbele ya lori haioni. Humo hukaa nyasi, wadudu, manyoya na vumbi lililoshikana na oili hadi likawa blanketi. Nimewahi kuona rejeta iliyong'aa kwa mbele, na nyuma ya intakula kidole hakipenyi. Ioshwe kutoka upande wa injini kuelekea nje, kwa maji yasiyo na nguvu ya kukunja mapezi. Likichemsha kwenye mteremko, uliza kama lina retada, kwa kuwa nguvu ambayo retada inaitumia kulizuia lori inageuka joto na kumwagwa kwenye kulanti ileile.

Tofauti ya joto kati ya hosi ya juu na ya chini nayo inasema mengi. Kwenye mfumo mzima wa lori, injini ikiwa na mzigo, tofauti hiyo kwa kawaida ni nyuzi 5 hadi 10 hivi. Ikipita 20, maji yanapita polepole mno: pampu, themostati au rejeta iliyoziba. Ikiwa hosi zote mbili ni za moto karibu sawa na injini inazidi kupanda, maji yanazunguka vyema lakini rejeta haipati upepo. Na hosi ya juu ikiwa vuguvugu huku hedi inaunguza mkono, maji hayajafika hapo kabisa.

Mapovu yasiyokwisha

Umetoa hewa, umepima kila kitu, na mapovu yanaendelea siku ya tatu. Sasa gesi kutoka silinda ni mshukiwa halali, ila hayuko peke yake, na huyu mwingine amewafungulisha watu hedi nyingi bure. Kompresa ya breki za upepo hupozwa na kulanti ya injini. Gasketi ya hedi yake ndogo ikiharibika, hewa ya breki inaingizwa kwenye maji kwa kanieneo kubwa kuliko ya mfumo wa kupoza. Tangi linachemka mapovu, hosi zinakuwa ngumu kama ubao, na kila dalili inasema gasketi ya injini. Kuitenga ni rahisi: ondoa mabomba ya maji ya kompresa, yaunganishe yenyewe kwa yenyewe, washa injini kwa dakika chache tu kompresa ikiwa haina mzigo. Mapovu yakikoma, umeokoa hedi nzima kwa kipande cha hosi na klipu mbili.

Kipoza moshi wa EGR nacho hupasuka, hasa kama kiliwahi kukauka wakati wa ile hewa ya kujaza. Chuma chembamba chenye moshi wa mamia ya nyuzi upande mmoja hakistahimili kukosa maji upande wa pili. Kikipasuka, moshi unaingia kwenye kulanti wakati injini inafanya kazi, au kulanti inaingia kwenye moshi, na utaona moshi mweupe wenye harufu tamu na tangi linalopungua bila tone chini ya gari.

Baada ya hapo ndipo gasketi. Washa injini baridi kabisa, mfuniko umefungwa. Hosi ya juu ikijaa na kuwa ngumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla joto halijapanda, hiyo si kanieneo ya kutanuka kwa maji. Kuna pia kile kipimo cha maji ya bluu yanayogeuka njano yakikutana na gesi ya mwako. Kwenye dizeli kitumie kwa akili. Kinachogeuza rangi ni kaboni dioksidi, na dizeli ikiwa sailensi huvuta hewa nyingi na kuchoma mafuta kidogo, kwa hiyo moshi wake una asilimia chache tu za gesi hiyo. Jibu la bluu kwenye injini isiyo na mzigo halimwachii mtu huru. Ipe injini mzigo kwanza, kisha upime.

Ukiwa njiani

Sindano ikipanda na bado una maji, punguza mzigo, shuka gia, fungua hita hadi mwisho hata kama kabini itakuwa tanuri, egesha mahali salama, acha injini sailensi ya juu kidogo ili pampu na feni viendelee. Lakini maji yakiwa yamemwagika, zima mara moja. Kuzungusha injini kavu ni kuimaliza. Mfuniko usiuguse hadi hosi ya juu ishikike kwa mkono bila kuunguza. Na maji ya baridi usiyamimine kwenye injini iliyochemka. Hedi iliyopona kuchemka hupasukia hapo.

Lori likishatoka gereji, angalia tangi kila asubuhi kabla ya kuwasha, kwa siku tatu. Asubuhi ya kwanza limepungua lita moja au mbili: ni hewa iliyotoka, ongeza. Ya pili limepungua kikombe. Ya tatu limesimama: pakia, panda mlima. Likiendelea kupungua asubuhi ya nne, maji yana mahali yanakwenda, na sasa unatafuta uvujaji.